Hati Namba Thelathini na Moja

Patrobas Nabiswa hakuua mtu, hakuchoma nyumba, wala hakukanyaga kule mlimani kwao mwaka ule wa tisini na mbili watu walipokuwa wakifukuzana kwa mapanga. Alikuwa hapa hapa Nairobi, karani wa ofisi moja ya mjini, mtu wa tai na soksi safi, anakaa mtaa wa Baba Dogo na mkewe Nasambu. Ungemuuliza ana kosa gani, angekwambia hana. Lakini wacha nikueleze alichofanya Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na tano, saa nne asubuhi, jua likiwaka, akiwa ameshakunywa chai yake na mandazi mawili. Aliacha jina la mtu lisiingie kwenye karatasi. Basi. Jina moja tu, na tangu siku hiyo chakula hakikumshuka sawasawa.

Mambo yalikuwa hivi. Nyuma ya kanisa moja la Dandora, Phase Two, palikuwa na ukumbi wa mabati ambao wiki nzima ulikuwa chekechea, na Jumamosi uligeuka ofisi ya mawakili. Watu waliokimbia mapigano walikuwa wametapakaa mtaani humo, wengine wakiokota plastiki kwenye jaa, wengine wakifua nguo za watu. Wazee wa pande mbili, wa juu ya mlima na wa chini, walikuwa wamekubali kukaa meza moja, tena Nairobi, maana kule nyumbani hakuna aliyethubutu kunywa hata maji ya mwenzake. Mawakili ndio waliowasaidia kuandika makubaliano. Mmoja wao, Wakili Amondi, mwanamke mfupi wa sauti nzito, alipigania kipengele kimoja mpaka akakipata: yeyote atakayetajwa kwa jina katika hati ya kiapo ya mwathiriwa atasimama mbele ya kikao, aseme alichofanya, na aonyeshe waliokufa wako wapi. Ili akipate hicho ilimbidi ameze kingine: asiyetajwa, mambo yake yamefungwa siku ya kutia sahihi. Haulizwi tena.

Waathiriwa wengi hawakujua kusoma, na hati zilitakiwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo Patrobas alipoingia. Alikuwa na Kibukusu cha kwao, Kiswahili cha mtaani na Kiingereza cha ofisini, na vidole vyake juu ya taipureta vilikuwa balaa. Mtu anasimulia, yeye anachapa, karatasi nne na kaboni katikati. Akimaliza anamsomea mwenyewe kwa lugha yake, mwenyewe anabandika kidole gumba, na chini kabisa Patrobas anatia sahihi kwenye mstari uliosema kwamba ametafsiri kwa ukweli, hakuongeza wala hakupunguza.

"Bwana Nabiswa," Wakili Amondi alimwambia siku ya kwanza, "hati zote hizi zitasimama juu ya sahihi yako. Ukiharibu moja, wale wa upande wa pili watazitupa zote arobaini."

Patrobas alitabasamu. Nani, yeye? Aharibu?

Jumamosi ya tatu akaingia Selpher Nekesa, mama wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye beseni la njugu alilolitua mlangoni taratibu. Alikuwa akiuza njugu kwa kikombe pale stendi. Kabla hata hajaketi wakaulizana ukoo, maana watu wa kwao hawaanzi jambo bila kuulizana ukoo, na ikatokea kwamba mama yake Selpher alizaliwa katika ukoo wa akina Patrobas.

"Ala! Basi wewe ni khocha wangu," Selpher akasema, na uso ukamfunguka.

Khocha ni mjomba, ndugu wa mama. Kwa Wabukusu huyo si mtu wa salamu tu, ndiye unayemkimbilia wengine wote wakikuchoka. Patrobas alifurahi, kusema kweli. Akamvutia kiti, akaingiza karatasi kwenye mashine, akamwambia, "Haya, mpwa wangu, sema. Polepole, usiruke kitu."

Selpher akasema. Ilikuwa adhuhuri, siku ya soko. Yeye alikuwa shambani akipalilia na watoto wake wawili wako naye. Akaona moshi, akawalaza watoto kati ya mistari ya mahindi, akalala juu yao. Kutoka pale aliiona njia yote. Kundi la watu lilikuwa linapanda, na mbele yao alitembea mtu aliyevaa koti la mvua ingawa mvua haikuwepo, akinyoosha mkono: hii, na hii, ile iacheni, hii. Mkono uliponyooka kwenye nyumba yake, wakamtoa mumewe, Tobias Nyongesa, aliyekuwa ndani akishona viatu. Wakateremka naye mtoni, mwenye koti akiwa pamoja nao. Baadaye wakapanda tena. Nyongesa hakuwemo.

"Mwili sijauona mpaka leo," Selpher akasema. "Shemeji zangu wanataka tuzike mgomba. Wanasema miaka mitatu imepita, tulaze mgomba kaburini, tulie, yaishe. Nimekataa, khocha. Mimi sikuolewa na mgomba! Kuna mtu anajua Nyongesa alipo, na mtu huyo tulikuwa tunachota maji kisima kimoja."

"Mtaje," Patrobas akasema, vidole tayari.

Selpher akatazama mlangoni, halafu akainama. "Jina hili sijalitoa mdomoni tangu siku ile. Hata shemeji zangu hawalijui. Niliogopa. Andika: Opicho. Opicho mwana wa Wekesa, jirani yetu."

Vidole vya Patrobas vikasimama hewani.

Opicho! Jamani, Opicho saa hiyo hiyo alikuwa Baba Dogo, nyumbani kwa Patrobas, kwenye kochi la Patrobas, akisubiri chakula cha mchana cha Nasambu. Alikuwa mmoja wa wazee wa upande wa chini waliokuja kwenye mazungumzo ya amani. Nyumba yake haikuchomwa, yeye hakukimbia, kwa hivyo ndiye aliyebaki kuwasemea waliokimbia. Wajumbe walilala kwa jamaa zao hapa mjini, na Opicho angelala wapi kama si kwa bakoki wake?

Hapo ndipo penyewe. Opicho na Patrobas walitahiriwa asubuhi moja, Agosti ya mwaka wa sitini, ua mmoja, wamepakwa tope la kijito kimoja. Watu wa namna hiyo huitana bakoki mpaka kufa. Bakoki haombwi mara mbili, wala hapelekwi mahali pa kushtakiwa. Halafu kulikuwa na jambo jingine ambalo Nasambu mwenyewe hakulijua. Asubuhi ile, kisu kilipomgusa, Patrobas alitoa sauti. Sauti ndogo, mguno tu, lakini kwa Wabukusu mvulana akiguna pale, aibu hiyo ataenda nayo mpaka kaburini. Wajomba wakauliza kwa ukali, nani huyo? Opicho, aliyesimama karibu akingojea zamu yake, akajibu, "Ni mimi. Nimekohoa." Wakamtukana Opicho kwa kukohoa, na Patrobas akabaki mwanamume. Miaka thelathini na mitano, Opicho hajawahi kulitaja jambo hilo hata kwa mzaha.

"Khocha, umeandika?" Selpher akauliza.

"Naandika," Patrobas akasema.

Akachapa. Palipotakiwa jina, akachapa kwa Kiingereza safi kabisa kwamba aliongozwa na mtu mmoja ambaye hakumtambua. Halafu akaitoa karatasi, akasafisha koo, akamsomea Selpher kwa Kibukusu tangu mwanzo. Alipofika pale, mdomo wake ukasema, "Opicho mwana wa Wekesa," sauti haikutetemeka, na macho yake yalikuwa juu ya karatasi isiyokuwa na neno hilo. Selpher akaitikia kwa kichwa. Akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akakibandika kwa nguvu zake zote. Patrobas akatia sahihi chini. Hakuongeza, wala hakupunguza! Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemwomba, hakuna aliyemtisha. Alijituma mwenyewe.

Selpher akachota kikombe cha njugu, akamimina kwenye bahasha tupu ya hati. "Kula, khocha. Leo nimepumua."

Mchana huo alirudi Baba Dogo kwa miguu mizito. Opicho alikuwa amevua viatu, anamchekesha Nasambu kwa hadithi za zamani.

"Bakoki! Umechelewa, nimekula paja lako la kuku," Opicho akapiga kelele. "Mke wako alinikatalia, nikamwambia paja la bakoki ni langu."

Nasambu akacheka mpaka akafuta machozi. Patrobas akacheka pia, akaketi, akaukata ugali, akaurudisha sahanini. Alisema kichwa kinamuuma. Zile njugu alizitia kwenye kopo la majani ya chai lililokuwa tupu, akaliweka juu ya kabati, na hakuzionja.

Kama kawaida ya mtu aliyekosa, alijitafutia sababu, na sababu alizipata. Alijiambia anayalinda mazungumzo. Hebu fikiria, mjumbe mmoja atajwe kuwa ndiye aliyewaonyesha wauaji nyumba, si wazee watasambaratika? Si damu itamwagika tena? Yeye Patrobas, kwa kuliacha jina moja, ameokoa watu elfu. Alijiambia hivyo akioga, akivuka barabara ya Outer Ring, akisubiri lifti ya ofisini. Ungeyasikia maneno hayo ungedhani ni bwana mkubwa anahutubia mkutano. Lakini kila Jumamosi Selpher alipotua beseni lake mlangoni na kusema, "Khocha, mzima?" ule uongo wote ulimwishia mfukoni.

Maana Selpher alikuja kila Jumamosi. Hakuwa na shida tena pale, alikuja kumsalimu tu, na kumletea kikombe cha njugu. Kopo likajaa, Patrobas akatafuta la pili. Siku moja akamwambia ameshaonana na fundi wa jeneza kule Kariobangi, si kwamba ana pesa, anataka tu kujua mifupa inalazwa kwenye jeneza la ukubwa gani. Fundi alimjibu vizuri, akasema hata dogo linatosha. Selpher alilisimulia hilo kwa furaha. Patrobas alienda chooni, akasimama humo akiwa ameegemeza paji la uso kwenye bati.

Zikabaki siku kumi kabla ya kutia sahihi. Wakili Amondi akakaa na hati zote arobaini, akawa anachomoa majina na kuyaandika kwenye orodha. Akamwita Patrobas.

"Huyu namba thelathini na moja," akasema. "Mama wa njugu. Amemwona mtu mchana kweupe, akamfuata kwa macho mpaka mtoni, halafu hakumtambua? Kijijini kwao?"

"Ndivyo alivyosema, wakili."

"Ulimuuliza tena?"

"Nilimuuliza."

Wakili Amondi akavua miwani, akayafikicha macho. "Basi huyu tumempoteza. Tukitia sahihi, mambo yake yamefungwa. Mwambie mapema, Bwana Nabiswa. Wewe ni mtu wao, atalipokea vizuri kutoka kwako. Asije akasikia mbele za watu."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Jumamosi iliyofuata alimwambia kwamba gauni lake la kitenge limempendeza. Lo! Mwanamume mzima.

Jumapili, Nasambu akiwa bado kwenye kikao cha akina mama kanisani, Patrobas alizima redio, akasimama mbele ya Opicho.

"Bakoki, Nyongesa yuko wapi?"

Opicho hakujifanya hajui. Aliliweka gazeti chini, akaikunjua miguu yake polepole. Maji yalikuwa yakichemka jikoni, akainuka mwenyewe kwenda kuyaepua.

"Waliniweka panga hapa," akasema aliporudi, akigusa shingo. "Wakasema, tuonyeshe nyumba za wanaume au tuanze na wanao. Nikaonyesha. Niliruka nyumba ya wajane wawili, na ya mama yangu, na yangu. Zingine nilionyesha. Ni Selpher, siyo? Najua alikuwa kwenye mahindi. Niliona leso yake nikapita."

"Ni yeye. Alikutaja."

"Alinitaja lini?"

"Mwezi uliopita."

Opicho akamkazia macho. "Mbona sijaitwa?"

Akamwangalia Patrobas usoni, akamwangalia mikono, na taratibu akaelewa. Patrobas alikuwa akingoja kukumbatiwa. Naam, wacha tusifichane, alitaka shukrani, alitaka bakoki wake amwambie umefanya kiume, sasa tumelingana.

"Ni mimi niliyekuomba?" Opicho akauliza.

"Hapana, lakini..."

"Ni mimi niliyekuomba, Patrobas?" Alikuwa amesimama sasa. "Unajua nilikuja huku kufanya nini? Walipotuambia habari ya kutajwa, nilisema moyoni, afadhali. Mimi mwenyewe kinywa changu hakifunguki, nimejaribu miaka mitatu, hakifunguki! Nikasema Selpher atanitaja, nitaitwa, nitasimama kwa sababu nimeitwa, nitasema. Kila jioni unaporudi na lile begi lako najiambia, leo ataniambia nimetajwa. Nakula paja la kuku nacheka, nangoja. Kumbe wewe ndiye umeufunga mlango!"

"Basi nenda kaseme. Bado kuna siku sita."

Opicho akaketi. Uso wake ukawa wa mzee ghafla. "Sasa? Sasa najua hakuna karatasi yenye jina langu. Mtu akishajua hivyo, anapata wapi nguvu za kujitaja? Wewe ungejitaja?" Akaliokota gazeti, akalishika bila kulisoma. "Jumamosi nitatia sahihi kama wengine. Nitalala kwa mtu mwingine kuanzia leo. Mwambie Nasambu asante kwa chakula."

Akavaa viatu vyake, akaondoka. Nasambu aliporudi na kuuliza mgeni yuko wapi, Patrobas akasema ameenda kwa jamaa yake wa Tassia.

Ikafika Jumamosi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye viti vidogo vya chekechea. Mezani mbele walikaa wazee, sita huku na sita kule, mawakili katikati. Waathiriwa walikaa upande wa dirisha, na Selpher alikuwa mstari wa kwanza, amevaa lile gauni la kitenge, kichwani kitambaa kipya. Patrobas alikuwa kwenye meza yake ya kawaida, taipureta imefunikwa. Kabla mambo hayajaanza, Selpher alimwona Opicho pale mezani, katika koti jeusi la kuazima. Akashtuka, akageuka kumtafuta Patrobas, akamnong'oneza kwa mbali, midomo tu: yule pale! Halafu, Mungu wangu, akatabasamu. Alidhani ndiyo maana kaletwa.

Wakili Amondi akasoma. Namba ya hati, jina la mwathiriwa, jina la aliyetajwa. Kila jina liliposomwa minong'ono ilipita ukumbini, na wazee wakaandika. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Patrobas alikuwa anahesabu pamoja naye. Thelathini.

"Namba thelathini na moja. Selpher Nekesa. Hakumtambua mtu." Amondi akageuza ukurasa. "Namba thelathini na mbili."

"Nilimtaja," Selpher akasema.

Amondi akaacha kusoma. Selpher alikuwa ameshainuka. "Nilimtaja, mwanangu wakili. Hujaona? Liko hapo. Nilisomewa."

Wakili wa upande wa pili, mwanamume mrefu mwenye miwani ya dhahabu, akainua nakala yake. "Mama, hapa kuna kidole chako. Karatasi inasema mtu ambaye hukumtambua. Umesomewa, ukakubali. Karani ametia sahihi kwamba umesomewa." Hakusema kwa ubaya, lakini ukumbi uligeuka kumtazama Selpher kama mtu anayetaka kuwasingizia watu.

"Khocha," Selpher akasema. "Khocha, waambie."

Patrobas alijua bei yake. Akikaa kimya, ni Selpher mmoja, atazika mgomba wake na yatakwisha. Akisimama, ni hati arobaini, ni kazi ya miezi, ni Wakili Amondi na macho yake mekundu ya kukosa usingizi, na yeye mwenyewe ni mtu wa kushtakiwa kwa kiapo cha uongo. Alimwangalia Opicho. Opicho alikuwa anatazama meza. Akaangalia kitambaa kipya kichwani pa Selpher, ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani.

Akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Alitaja jina, mimi nikaliacha. Nilimsomea kwa mdomo kitu ambacho hakikuandikwa."

Kelele iliyozuka hapo hata sijui niieleze vipi. Mwanamume wa miwani ya dhahabu alikuwa wa kwanza kusikika: kama karani amedanganya katika hati moja, nani ajuaye amedanganya katika ngapi? Zote arobaini, alisema, ziondolewe. Akina mama wakapiga mayowe. Wakili Amondi aliifunga faili yake, akamtazama Patrobas, na alivyomtazama, Patrobas angeona heri apigwe kofi. Selpher alikuwa bado amesimama, mkono umeshika kiti cha mbele yake. Hakulia. Alikuwa anamwangalia khocha wake, akijaribu kuelewa.

"Jina lilikuwa la nani?" mzee mmoja wa upande wa juu akapaza sauti.

Patrobas akafungua mdomo. Kabla hajasema, kiti kikakwaruza sakafu pale mezani.

"Ni mimi," Opicho akasema.

Alisema akiwa ameshikilia meza kwa mikono miwili. Hakumtazama Patrobas, alimtazama Selpher. "Yuko chini ya josho la zamani la ng'ombe, upande wa mtoni, palipo na mawe matatu. Niliyaweka mimi nipajue. Nilirudi kesho yake nikamfukia vizuri, peke yangu, kwa jembe lake mwenyewe. Selpher, viatu alivyokuwa anashona nilimwekea pembeni yake." Halafu akakaa, akafunika uso.

Hapo ndipo Selpher alipolia.

Hawakutia sahihi siku ile, wala mwezi ule. Opicho aliandikisha maneno yake mbele ya wazee wote na akasema yuko tayari kwa kesi itakayofuata. Hati zote zilibidi ziandikwe upya na karani mwingine, na safari hii kila moja ilisomwa na watu wawili. Patrobas aliandikisha kosa lake kwa mkono wake, akaacha funguo za kabati la hati mezani kwa Wakili Amondi. Alipouliza kama atapelekwa mahakamani, Amondi alimjibu bila kuinua kichwa kwamba hilo si yeye anayelipanga, kwa sasa afanye jambo moja la maana: awatafute wale watu arobaini, maana wengi walikuwa wameshahama.

Akawatafuta. Jumamosi baada ya Jumamosi alizunguka kwa miguu, Dandora yote, Baba Dogo, mpaka kule Tassia, akigonga milango na kuuliza majina. Vijana walimzoea. "Niaje, mzee wa majina?" walimwita. Aliwapata thelathini na saba. Watatu hawakuonekana. Mmoja alisemekana amekufa, mwingine amerudi kwao Webuye, wa tatu hakuna aliyejua lolote. Hao watatu walikuwa wametaja majina, na Patrobas aliyakumbuka yote, lakini kumbukumbu ya karani mwongo mahakamani haina kazi.

Mwezi wa Desemba Selpher akarudi kutoka nyumbani. Patrobas alimkuta stendi, beseni lake miguuni, kichwa kimenyolewa kwa matanga.

"Nimesikia mmemzika," akasema.

"Tumemzika. Viatu vyake vilikuwepo, kimoja hakijamalizwa kushonwa." Selpher alikuwa anampimia mteja njugu. "Shemeji zangu walikuwa wameshakata mgomba. Niliutupa nje mwenyewe."

"Mpwa wangu, nimekuja kuomba..."

"Nilikuwa na njugu chache siku zile," Selpher akamkata. "Nilikuwa nikikupa kikombe, jioni mwanangu mmoja analala njaa. Ulizila?"

"Sikuzila," Patrobas akasema. "Ziko kwenye makopo. Zimeota ukungu."

Selpher akamrudishia mteja chenji yake, akaufuta mkono kwenye leso, kisha akamwangalia kwa mara ya kwanza.

"Wale watatu umewapata?"

"Bado."

"Mmoja wao nasikia ana dada anauza mkaa Phase Four." Akashika kikombe, akaanza kuzipanga njugu upya. "Mambo ya kusamehewa usiniletee hapa, karani. Nenda Phase Four."

Patrobas akasema ndiyo, akaenda.